Maharage Saba kwa Ile ya Mlango

Mimi ni mwanamke fundi wa kushona hapa Malindi, hii ya milimani juu ya Mombo, na kibanda changu kimepakana na maktaba ya filamu. Huku kwetu mtu akisema maktaba hana maana ya vitabu. Ni chumba cha mbao chenye kompyuta moja, unakuja na flashi yako unawekewa filamu unayotaka, na kwa nyuma kuna chumba kingine chenye televisheni na mabenchi manne. Mbao zinazotutenganisha ni nyembamba, nikikohoa mwenye maktaba ananiuliza kama nimekunywa dawa. Hivyo ndivyo nilivyozijua filamu. Nilizisikia kabla sijaziona. Miaka miwili nilishona sare za shule huku nikisikiliza watu wakilia, wakipigwa makofi na kuomba msamaha upande wa pili wa ubao, mpaka siku moja nikaweka mkasi chini, nikazunguka kwenda kuangalia ni nani hasa anayelia vile.

Tukawa wanne. Wa kwanza ni mwenye maktaba mwenyewe, mtu wa miaka arobaini na kidogo. Wazazi wake walitoka Njombe kuja kuchuma chai, yeye akazaliwa kambini, na leo anaongea Kishambaa kizuri kuliko baadhi yetu tuliokirithi. Wa pili ni dereva wa lori la kabichi na karoti, anayekwenda Dar es Salaam mara mbili kwa wiki. Wa tatu tunamwita Mama Mpishi. Alipika miaka mingi katika shule ya bweni upande wa Kifungilo, akastaafu, na mpaka leo akikoroga chai ya watu wawili anashika mwiko kama wa watu mia mbili. Wa nne ni mimi, na kuhusu mimi nitasema mapema ili usije ukaambiwa na wengine: nina hasira za karibu na mdomo usiongoja zamu.

Mwongozaji tuliyempenda alikuwa mmoja. Jina lake sina haja ya kulitaja, na filamu zake hatukuwa tunaziita kwa majina yaliyoandikwa. Tulikuwa na majina yetu. Kulikuwa na ile ya harusi mbili, ile ya lori, ile ya mwalimu mlevi, ile ya kisima, na nyingine mbili tatu. Zote saba. Tulimpenda kwa sababu kwake hapakuwa na yale majumba yenye makochi meupe na ngazi za marumaru, ambamo watu wanashinda wamevaa miwani ya jua sebuleni. Watu wake walifua, walipanga foleni ya maji, walisahau chumvi. Wakigombana waligombana kama sisi, mmoja anaongea, mwingine anajifanya anatafuta kitu kabatini.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, tukishatoka kanisani na kula, tuliangalia filamu yake mojawapo upya, halafu tulipiga kura. Kanuni aliiweka Mama Mpishi. Kila mtu alipewa maharage saba, na kwenye benchi tulipanga vifuniko saba vya makopo, kila kifuniko na filamu yake. Ukitaka unagawa harage moja moja, ukitaka unaweka matatu hapa na manne pale. Tukishamaliza, mwenye maktaba alihesabu, na mimi niliandika matokeo ubaoni kwa chaki yangu ya kukatia nguo, kuanzia ya kwanza mpaka ya saba. Wiki nzima wateja waliokuja na flashi zao walisoma ule ubao na kutucheka, lakini mwishowe waliondoka na ya kwanza.

Kila mmoja alikuwa na mizani yake. Dereva aliiweka ile ya lori juu na papo hapo aliisema vibaya, kwamba yule mwigizaji hajawahi kushika usukani wa kitu chochote chenye uzito, angalia anavyoukumbatia. Mwenye maktaba alipenda ile ya kisima kwa sababu watu hawakuwa wanairudisha wakilalamika. Mama Mpishi yeye aliangalia wanavyokula. Nasema kweli, huo ndio ulikuwa mtihani wake. Mwigizaji akikata tonge, akalichovya na kulirudisha sahani bila kulitia mdomoni, filamu hiyo kwisha habari yake. "Huyu hali," anasema. "Anajifanya." Na hakuna maelezo ya mwanga wala ya uigizaji yaliyoweza kumtoa hapo.

Mimi nilikuwa wa ile ya mlango.

Ile ya mlango ilikuwa hivi. Mwanamke ameachwa na mume wake. Mume amekwenda kutafuta maisha, barua hazikuja, simu haikuja, mke akabaki analima na kuuguza mama mkwe ambaye si damu yake, akamzika. Filamu karibu nzima ni huyo mwanamke na kazi zake. Mwishoni, asubuhi ya mvua, mume anatokea na kibegi. Anasimama mlangoni. Anapiga hodi mara tatu na kumwita mkewe kwa jina. Kamera iko ndani pamoja na mwanamke, amesimama pembeni ya kitanda, anautazama mlango. Hasemi kitu. Kamera inakwenda taratibu mpaka kwenye komeo, inakaa pale, na kioo kinakuwa cheusi. Imeisha.

Siku ya kwanza kuiona sikuweza kushona. Nilikaa kibandani nimeshika kitambaa. Kura ilipokuja niliyachukua maharage yangu yote saba nikayamimina kwenye kifuniko kimoja.

"Huo si upigaji kura," Mama Mpishi akasema. "Huo ni ugomvi."

"Kanuni inakataza?"

"Haikatazi. Lakini mwanangu, hii hadithi haijaisha. Huwezi kuchemsha maji, unga hujatia, ukamwambia mgeni ugali tayari."

"Mama, unisamehe, lakini imeisha, tena imeisha vizuri. Hakufungua. Ulitaka afungue ili iweje? Amkandie unga?"

"Nilitaka nione," akasema. Basi. Akaipa harage sifuri, na aliendelea kuipa sifuri.

Miaka mitatu tulibishana juu ya mlango ule. Dereva alikuwa upande wangu siku akiwa amelala vizuri. Mwenye maktaba alisema mwongozaji amefanya ujasiri, maana kila filamu ya kwetu lazima mwisho wake mtu aombe msamaha kwa magoti na muziki juu, na huyu peke yake alithubutu kunyamaza. Maneno hayo niliyapokea nikayafanya yangu. Nilikuwa nawaambia mpaka wateja waliokuja kupunguziwa suruali. Mtu anasimama kwenye kigoda, nimeshika pini mdomoni, namweleza kuhusu komeo. Kwa kura zangu saba na mbili tatu za wenzangu, ile ya mlango haikushuka chini ya nafasi ya pili hata mwezi mmoja.

Siku hizi mtu atasema, si mngetafuta mtandaoni? Tulitafuta. Bando la kuangalia filamu nzima ni bei ya mita mbili za kitambaa, na filamu zake za zamani hazikuwepo huko, kulikuwa na vipande tu vya ile ya harusi. Tulichokuwa nacho ni kile alichokuwa nacho mwenye maktaba, faili alizonakili Korogwe kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu. Hazikuwa na kasha wala karatasi.

Sikumwambia mtu kwa nini naipenda. Niliwaachia waamini ni mambo ya sanaa.

Mama yangu aliumwa miezi minane kabla hajafa, na niliyemuuguza ni mimi. Nina dada mmoja, mkubwa wangu, aliolewa upande wa Amani, kwenye mashamba ya chai juu ya Sigi. Katika miezi hiyo minane alikuja mara moja, akakaa siku nne, akarudi kwa watoto. Mimi nilimgeuza mama, nilimwogesha, nilishona usiku nikimsikiliza anavyopumua. Siku alipofariki nilimpigia dada simu, akasema anakuja. Ilikuwa masika. Barabara ya kushuka kutoka kwao ikakatwa na maporomoko, hakukuwa na gari la kupanda wala kushuka, na mazishi hayakumngoja. Alipiga simu kueleza. Nikamwambia watu wa zamani walitoka Amani mpaka Korogwe kwa miguu, nikakata kabla hajamaliza.

Mwezi wa saba akaja. Ilikuwa asubuhi mapema, ukungu bado umelala kijijini, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeamka. Nikasikia hodi. Nikaijua sauti, nikaenda mpaka mlangoni, nikasimama. Akapiga hodi ya pili, akaniita kwa jina la utotoni ambalo walilitumia mama na yeye tu. Akapiga ya tatu. Kwa adabu zetu hodi ni tatu, hujaitikiwa unaondoka. Nilikuwa nimeshika komeo na sikulivuta. Nikasikia hatua zake zikishuka.

Nilijisikia vizuri. Sitadanganya hapa, maana ni jambo nililolifanya kwa mkono wangu. Nilijisikia nimelipiza kila usiku wa miezi ile minane, na uzuri huo ulinikaa siku mbili, halafu ukaanza kuchacha. Sikumpigia. Kila nilipotaka kumpigia nilijiuliza nitaanza vipi, na mtu wa hasira akianza kujiuliza hivyo ujue hapigi. Ndipo mwaka uliofuata nikaiona filamu ya mlango, na nikaona kumbe kuna mtu mwenye akili, mtu wa Dar es Salaam mwenye kamera, anayejua kwamba kutofungua nako kunaweza kuwa haki. Nilimpa maharage saba kila mwezi kwa ajili hiyo.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana dereva alirudi kutoka Dar es Salaam akaegesha lori, hata kabichi zilizorudishwa hakushusha, akaja na bahasha ya plastiki. Alikuwa amepita kwa muuza vitu chakavu akaziona diski za zamani zimepangwa chini kwenye turubai. Ndani ya bahasha mlikuwa na kasha lenye picha ya yule mwanamke wetu, na diski mbili. Moja imeandikwa Sehemu ya Kwanza. Nyingine imeandikwa Sehemu ya Pili.

Mwenye maktaba aliigeuza geuza. "Kwenye ile faili yangu," akasema polepole, "mwishoni mwa jina palikuwa na herufi A. Mimi nilidhani ni ya Amani, maana alinipa mtu wa Muheza."

"Na B?"

"B ilikataa kufunguka. Nikaifuta. Miaka mingi hiyo, fundi. Nilijua ni uchafu tu."

Zile filamu nyingine sita zilikuwa zimeunganishwa na mtu huko zilikotoka, ndiyo maana hatukuwahi kushtuka. Hii peke yake ilipanda mlimani nusu. Kila mtu nchini anajua filamu zetu hutoka kwa sehemu mbili, mtoto wa darasa la tatu anajua, na sisi wajuzi wa mabenchi manne, wenye ubao na chaki, tulikaa miaka mitatu tunausifia ujasiri wa diski iliyojaa.

Tuliiangalia Jumapili ile ile. Mama Mpishi alikuja mapema na kukaa mbele.

Inaanza na mvua, na hodi ile ile ya tatu. Mwanamke amesimama pembeni ya kitanda. Halafu anafungua mdomo. "Subiri bwana," anasema, "nimevaa kanga moja." Anatafuta kiberiti, anajikwaa kwenye kigoda, anakitukana kigoda, anajifunga kanga ya pili, na anafungua mlango. Haikupita dakika moja. Mume anaingia analowanisha sakafu, mke anamwangalia, anamwambia akae, na kitu cha kwanza anachofanya ni kumpakulia ugali wa jana.

"Anakula," Mama Mpishi akasema. "Mwoneni, anakula kweli."

Wenzangu walicheka, walicheka mpaka dereva akalala kwenye benchi. Kiberiti, jamani. Miaka mitatu ya komeo, kumbe mama wa watu alikuwa anatafuta kiberiti. Filamu yenyewe baada ya hapo ilikuwa ovyo, kukatokea mganga na kesi ya shamba na kilio cha nusu saa. Kama ningekuwa na akili yangu ningeiponda vizuri. Lakini sikucheka. Nilihisi kama nimeibiwa mbele za watu na watu wanashangilia.

Vifuniko vilipopangwa, ubishi ukaanza. Dereva alisema hukumu ni kwa kile tulichokiona, Sehemu ya Kwanza ibaki palepale juu, hiyo ya pili tuihesabu kama filamu ya nane. Mwenye maktaba alisema haiwezekani, huwezi kumsifu mtu kwa kitu ambacho hakukifanya. Mwongozaji hakunyamaza, diski ndiyo iliyonyamaza. Mama Mpishi, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hajaipa hata harage moja, akaweka manne.

"Mama, wewe nawe," dereva akasema. "Ovyo yote ile unaipa manne?"

"Imeisha," akasema. "Nilisema nataka nione, nimeona."

Wote wakanitazama mimi. Yangu saba yalikuwa bado mkononi. Na hapo, sijui ni kwa sababu walikuwa wananingoja au kwa sababu nilikuwa nimechoka, nikasema. Nikawaambia kwamba nina dada, kwamba alikuja mwezi wa saba baada ya msiba, akapiga hodi tatu, nami nilikuwa ndani. Kwamba nilikuwa naipa filamu ile maharage yote kwa sababu ilikuwa inanipa haki. Niliongea haraka, kwa sauti ya kugomba, maana nyingine sina. Nilipomaliza nilitegemea watashangaa.

Hawakushangaa. Dereva aliangalia viatu vyake. Mwenye maktaba alianza kufuta vumbi kwenye televisheni, na haikuwa na vumbi.

"Dada yako huja kila Desemba," Mama Mpishi akasema. "Hulala kwangu usiku mmoja. Asubuhi anakwenda kupalilia kaburi la mama yenu, anashuka."

Mimi kaburi lile nilikuwa nalikuta safi kila Krismasi, na nilijua ni akina mama wa kanisani. Niliwahi hata kusimama kanisani kuwashukuru, na wakapokea shukrani.

"Mimi nimempa lifti mara mbili," dereva akasema. "Kutoka Mombo."

"Na wewe?" nikamuuliza mwenye maktaba.

"Mimi nilimwona tu akipita, fundi. Alivuka barabara mbele ya kibanda chako, wewe umeinama kwenye cherehani."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungetuacha hai?" dereva akauliza, na hakuwa anatania.

Mama Mpishi akakusanya maharage yake. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," akasema. "Mimi nimelima. Miaka minne nimelima, mgongo unauma. Na yeye alinikataza nisiseme. Alisema, akitaka kunifungulia atafungua mwenyewe, usimsukume." Akasimama akajifunga kanga. "Atakuja mwezi ujao kama kawaida yake. Nitakuita. Mdomo wako uuache nyumbani."

Siku hiyo hatukuandika matokeo. Maharage yangu niliondoka nayo mfukoni, na jioni niliyatia kwenye chungu pamoja na mengine nikala makande. Halafu nilikaa wiki tano nikisubiri, na zilikuwa wiki mbaya. Nilishona mikono ya shati la mwanakwaya kinyume. Niligombana na muuza vifungo. Nilikuwa naogopa, hilo ndilo neno lake. Niliogopa atakuja na nisijue la kusema, na niliogopa zaidi kwamba mwaka huu ndio atakaochoka asije.

Jumamosi moja Mama Mpishi akanitumia ujumbe, neno moja tu: Njoo.

Njia nzima kupanda kwake nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na hotuba kamili, ina miezi minane ndani yake, ina maporomoko, ina msamaha mwishoni lakini si msamaha wa bure. Nikafika, nikapiga hodi moja tu. Mama Mpishi akaitikia "Karibu," na mara hiyo hiyo akakumbuka ana kuku wa kuangalia nyuma ya nyumba, akatuacha.

Dada yangu alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda anamenya viazi. Amezeeka. Mikono yake imekuwa ya mama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Hakuinua uso mpaka alipomaliza kiazi alichokishika. "Umekonda."

"Ni kazi."

"Kazi haikondeshi hivyo." Akanisogezea kigoda kingine kwa mguu, na kisu. Nikakaa, nikachukua kiazi. Tulimenya viwili vitatu hivi. Hotuba yangu bado nilikuwa nayo, nikaona nisipoanza sasa nitaondoka nayo.

"Dada, siku ile uliyokuja," nikasema. "Nilikuwepo. Nilikuwa ndani, nimesimama nyuma ya mlango."

"Najua."

Nikashikwa na hasira kidogo, hata pale. Nilikuwa nimebeba siri hiyo zaidi ya miaka minne, na yeye anaipokea kama nimemwambia mvua imenyesha. "Unajua vipi? Sikutoa hata pumzi."

"Mlango wako ule umepungua kwa chini, mbao zimekauka. Niliona vidole vyako vya miguu." Akaokota kiazi kingine. "Ulikuwa peku juu ya saruji, na Julai ile ilivyokuwa baridi. Nikasema, huyu namjua, nikisimama hapa mpaka jioni naye atasimama mpaka jioni. Ataumwa. Nikaondoka ili ukavae viatu."

Kisu kilinidondoka. Hotuba yote ikaniisha, nikafunika uso kwa kanga nikalia pale jikoni kama tulipokuwa watoto. Dada aliniacha nilie. Aliendelea kumenya, na alipomaliza vyake alichukua na vyangu.